Namna ya kuomba mkopo wa elimu ya juu Tanzania: kazi inaanzia kwenye vyeti vya nyumbani

Mitihani ya kidato cha sita inapomalizika mwezi Mei, nyumba nyingi nchini huingia katika kipindi cha hesabu ngumu. Mtoto amemaliza, matumaini ya kufaulu yapo, na swali linalobaki kati ya baba na mama, au kati ya bibi na mjukuu aliyemlea, ni ada itatoka wapi. Kwa familia nyingi jibu ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wa kata yetu wakati wa maombi hayo, na kuna jambo moja ambalo ningependa kila mzazi alijue kabla ya dirisha kufunguliwa. Wengi niliowaona wakikosa mkopo, au wakipata kidogo kuliko walivyostahili, walikuwa na uhitaji wa kweli. Kilichowaangusha ni kwamba uhitaji huo haukuonekana kwenye karatasi. Bodi haitafika nyumbani kwako kuhesabu mabati yanayovuja, wala haitamuuliza jirani habari za mama anayeuza vitumbua ili watoto wasome. Inasoma kilichojazwa na kuangalia kilichoambatishwa, kisha inalinganisha vitu hivyo viwili. Kwa hiyo mwongozo huu nitautumia zaidi kueleza nyaraka, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Nani anaweza kuomba

Mwombaji wa mkopo wa shahada ya kwanza anatakiwa awe Mtanzania asiyezidi umri wa miaka 35 wakati wa kuomba, awe amedahiliwa katika chuo kinachotambulika nchini kwa masomo ya muda wote, asiwe na kipato cha ajira au mkataba unaomlipa, na awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyotangulia. Aliyewahi kupata mkopo kisha akaacha masomo hawezi kuanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Lipo deni la nyuma ambalo lazima alishughulikie kwanza.

Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Serikali iliwafungulia mlango pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, zikiwemo afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Hili ni jambo kubwa, na bado nakutana na wazazi wasiolijua, ambao wanauza shamba ili kumsomesha mtoto stashahada ya afya bila hata kujaribu kuomba. Upo pia Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/2023 kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita. Huo ni ruzuku, haurejeshwi, na anayeupata huitwa kutokana na ufaulu wake. Wazanzibari wana bodi yao, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na wenye sifa wanapaswa kuangalia masharti yake mapema, kwa kuwa mtu hawezi kulipiwa gharama ile ile na vyanzo viwili.

Kila mwaka Bodi hutoa mwongozo mpya wa utoaji wa mikopo kwenye tovuti yake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Usome wa mwaka wako, wote, hata kama kaka yako aliomba mwaka juzi na anasema anajua kila kitu. Masharti hubadilika, na tarehe pia. Katika miaka ya karibuni dirisha limekuwa likifunguliwa Juni au Julai, na ingawa mara kadhaa siku za mwisho zimesogezwa mbele, si busara kupanga maisha kwa kutegemea nyongeza ambayo haijatangazwa.

Vyeti: anza kabla ya Juni

Cheti cha kuzaliwa ndicho kitu cha kwanza, na hakitoshi kuwa nacho tu. Ni lazima kihakikiwe na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kwa waliosajiliwa Tanzania Bara, au na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa waliosajiliwa Zanzibar. Kwa upande wa Bara, uhakiki hufanyika kupitia mfumo wa RITA wa mtandaoni: unapiga picha safi ya cheti halisi au kukiskani, unakipakia, unalipia, kisha unasubiri jibu. Cheti kikikubaliwa, unapewa namba ya uhakiki ambayo utaiingiza kwenye ombi la mkopo. Kisipokubaliwa, sababu huwa ni kwamba kumbukumbu zake hazionekani kwenye daftari, au maandishi hayasomeki, au majina yamekosewa, na hapo ndipo safari ya kwenda ofisi ya usajili ya wilaya inapoanza. Safari hiyo ikianza Aprili haina shida. Ikianza wiki ya mwisho ya maombi, wakati maelfu ya vijana wenzako wanapeleka vyeti vyao pale pale, utakaa unatazama simu mpaka dirisha lifungwe.

Niseme kidogo kuhusu majina, kwa sababu hili limewaliza wengi. Watoto wetu huandikishwa shule kwa namna nyingi: mmoja kapelekwa na mjomba akaandikwa kwa jina la mjomba, mwingine kaandikwa Hamisi badala ya Khamis, mwingine jina la babu limewekwa kwenye cheti cha kuzaliwa lakini halimo kwenye cheti cha kidato cha nne. Kwa kijijini haya si kitu, maana kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu wawili. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho au namba ya NIDA kama unayo, na vyeti vya vifo vya wazazi kama wamefariki, viweke mezani kwa mstari, na usome majina herufi kwa herufi. Pakiwa na tofauti, mwone wakili mapema akuandalie hati ya majina itakayosajiliwa kisheria, au ofisi iliyokosea irekebishe kosa lake. Gharama yake inauma, lakini ni ndogo ukiilinganisha na mwaka mzima wa kukaa nyumbani.

Kwa aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, cheti cha kifo kinahitajika na nacho huhakikiwa kama cha kuzaliwa. Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa yatima, ambaye Bodi inampa kipaumbele, mara nyingi ndiye asiye na karatasi ya kuthibitisha uyatima wake. Baba alifariki nyumbani miaka kumi iliyopita, akazikwa na ndugu, matanga yakaanuliwa, na hakuna aliyewaza kwenda kusajili kifo. Usajili uliochelewa unawezekana, lakini unapita kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na ofisi ya usajili ya wilaya, na unahitaji ushahidi: tangazo la kifo la hospitali kama lipo, kibali cha mazishi, maelezo ya ndugu walioshuhudia. Mlezi asimwachie kijana wa miaka kumi na tisa kazi hii peke yake. Nenda naye, wewe shangazi au baba mdogo, kwa maana ndiwe unayejua tarehe na ndiwe watakayekuuliza.

Liko pia suala la mzazi aliye hai lakini asiyejulikana alipo. Mama amelea peke yake, baba aliondoka mtoto akiwa mdogo na hajatuma hata shilingi. Jaribu la kumwandika kuwa amefariki ni kubwa, na wapo watu watakaokushauri hivyo, hata kukutafutia cheti. Usikubali. Cheti cha kifo kinahakikiwa, kutoa taarifa za uongo ni kosa kwa mujibu wa sheria, na ombi lililokutwa na udanganyifu humponza hata aliyestahili. Jaza ukweli kwamba yu hai, jaza taarifa za mama kwa ukamilifu, na uonyeshe wazi ni nani aliyekulipia shule.

Mwenye ulemavu anatakiwa kuwa na fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Vivyo hivyo kama mwenye ulemavu ni mzazi. Familia iliyo katika mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF iandike namba ya kaya kama ilivyo kwenye kitambulisho chao, wala isione haya kuiandika, kwa kuwa ni miongoni mwa vithibitisho vyenye nguvu ambavyo familia maskini inaweza kuwa navyo. Na kama elimu ya sekondari au ya stashahada ililipiwa na mfadhili, iwe ni kanisa, msikiti, shirika au mtu binafsi, omba barua yake ya kuthibitisha hilo. Sababu nitaieleza baadaye kidogo, inahusiana na jina la shule uliyosoma.

Kujaza ombi

Maombi hufanyika kwa mtandao kupitia mfumo wa Bodi unaoitwa OLAMS. Unajisajili kwa kutumia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyo iwe ile ile uliyoitumia kuomba chuo. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja aweke namba zake zote, kwa sababu mfumo unazilinganisha taarifa zako na za Baraza la Mitihani na za vyuo, na namba moja ikiachwa, udahili wako unaweza kukaa upande mmoja na ombi la mkopo upande mwingine.

Ukishajisajili utapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba, ya kulipia ada ya maombi. Ada hiyo imekuwa shilingi 30,000, hulipwa mara moja kwa simu au benki, na hairudishwi hata mkopo ukikosekana. Lipa kwa namba iliyotoka kwenye akaunti yako mwenyewe. Hakuna mtu wa kati anayepaswa kupokea fedha hiyo mkononi, na hakuna afisa anayeuza nafasi ya mkopo. Atakayekupigia simu kukuahidi kwamba jina lako litaingia kwenye orodha ukimtumia kitu kidogo ni tapeli.

Sasa nizungumzie steshenari. Vijana wengi hawana kompyuta, na wahudumu wa maduka haya wamesaidia mamia ya familia, kwa hiyo siwalaumu kwa jumla. Lakini nimekaa na binti mmoja aliyekwenda kujaziwa fomu mjini, akalipa, akarudi kijijini na karatasi mkononi akiwa na amani. Aliyemjazia alikuwa ametumia namba yake mwenyewe ya simu na neno la siri alilolitunga yeye, na mahali pa kazi ya mzazi aliandika "mfanyabiashara", kwa kuwa mama yake binti anauza mboga sokoni. Bodi ilipotaka nyaraka moja irekebishwe, ujumbe ulikwenda kwenye simu ya yule mhudumu. Binti alikuja kujua majina yalipotoka, na la kwake halikuwemo.

Ukienda steshenari, basi, nenda kutumia mashine na intaneti yao, lakini kaa wewe kwenye kiti. Weka namba yako ya simu ambayo huna mpango wa kuibadilisha, barua pepe yako, na neno lako la siri ulilolinakili kwenye daftari la nyumbani. Kabla ya kwenda, andika majibu yote kwenye karatasi pamoja na mzazi: majina kamili, miaka ya kuzaliwa, kazi, shule ulizosoma tangu msingi, na nani alilipa. Kijana akiwa peke yake mbele ya kompyuta inayolipiwa kwa saa hujaza kwa kubahatisha, na kubahatisha ndiko kunakozaa taarifa zisizolingana na vyeti.

Mahali pa kazi ya mzazi, andika kazi ilivyo. Asiyelima asiandikwe mkulima kwa kudhani kwamba neno hilo linaleta huruma, na anayetembeza mboga asiandikwe mfanyabiashara kana kwamba ana duka. Kuhusu shule, fahamu kwamba uwezo wa familia hupimwa pia kwa kuangalia uliposoma na ada iliyolipwa huko. Aliyesoma shule binafsi ya gharama kubwa ataonekana anatoka katika familia inayojiweza, na ni haki kuonekana hivyo kama ndivyo ilivyo. Lakini kama alisomeshwa na mfadhili, bila ile barua niliyoitaja hakuna kitakachoonyesha kwamba ada ile haikutoka mfukoni mwa mama yake. Nimeona watoto waliolelewa kwenye vituo vya yatima wakichukuliwa kama watoto wa matajiri kwa sababu ya jina la shule tu.

Saini, mdhamini na kubonyeza mara ya mwisho

Ukimaliza kujaza, unachapisha fomu pamoja na mkataba wa mkopo. Zinahitajika saini na picha zako, saini ya kiongozi wa serikali ya mtaa, kijiji au shehia unakoishi, saini ya mdhamini pamoja na picha yake na nakala ya kitambulisho chake, na muhuri wa wakili, hakimu au kamishna wa viapo mwingine. Mdhamini kwa kawaida ni mzazi au mlezi. Msomee mkataba kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba au saini, kwa kuwa anakubali wajibu wa kweli, na si heshima kumfanya mzee asaini kitu asichokijua.

Saini za serikali ya mtaa hupatikana kwa urahisi siku za kazi asubuhi. Mwenyekiti akiwa shambani, msubiri au mfuate, lakini usiruhusu mtu mwingine agonge muhuri kwa niaba yake. Kagua kila ukurasa ukiwa bado pale pale: tarehe ipo, jina lipo, muhuri unasomeka, hakuna sehemu iliyoachwa wazi. Kisha skani kurasa zilizosainiwa pamoja na viambatisho na kuvipakia kwenye mfumo. Picha ya simu iliyopigwa gizani, yenye kivuli cha mkono, inaweza kufanya ombi zima lihesabiwe kuwa na upungufu.

Baada ya kupakia kila kitu, bado kuna hatua ya kuwasilisha. Nimekutana na walioweka nyaraka zote wakafunga ukurasa wakiamini wamemaliza, kumbe ombi lilikuwa limebaki rasimu. Wasilisha, subiri mfumo uonyeshe kwamba ombi limepokelewa, chapisha au piga picha ukurasa huo, kisha uingie tena kwenye akaunti yako kila baada ya siku chache mpaka kipindi cha marekebisho kipite. Bodi hutoa nafasi ya kurekebisha maombi yenye kasoro, lakini nafasi hiyo ni fupi na humfaa anayefuatilia.

Majina yanapotoka

Mkopo haupangwi hewani. Hupangwa kwa mwanafunzi mwenye udahili wa chuo kimoja. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu anayotumiwa, na asipothibitisha kwa wakati anajichelewesha mwenyewe hata kama fomu yake ya mkopo haina doa. Matokeo ya mkopo hutolewa kwa awamu, na kila mwombaji huyaona kwenye akaunti yake binafsi ndani ya mfumo, ambayo Bodi huiita SIPA. Kukosekana awamu ya kwanza si kukosa mkopo.

Ukifungua SIPA utakuta kiasi kilichogawanywa katika mafungu: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka 2022/2023, na za vitabu na viandikwa zimekuwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Fungu linalotofautiana sana kati ya mtu na mtu ni ada, kwa sababu Bodi inaweza kulipa yote au sehemu tu, kulingana na ilivyoupima uhitaji wako.

Kaeni chini kama familia siku hiyo hiyo na mpige hesabu. Tuseme ada ya chuo ni shilingi 1,300,000 na Bodi imekubali kulipa 800,000. Inabaki 500,000, ambayo ni juu yenu, na juu yake kuna michango mingine ya chuo ambayo haimo ndani ya ada, bima ya afya, nauli, godoro na ndoo. Wazazi wengi husikia kwamba mtoto amepata mkopo wakapumua kabisa, kisha Oktoba wanashtuka kuambiwa hawezi kusajiliwa. Waliozoea kuchangiana kwenye harusi wanaweza kuchangiana na kwa hili. Kikao cha ukoo kiitishwe Agosti, si siku moja kabla ya basi kuondoka.

Jambo lingine lisilosemwa vya kutosha ni kwamba fedha ya kujikimu haimsubiri mwanafunzi getini. Lazima kwanza afike, asajiliwe na chuo, awe na akaunti ya benki yenye majina yanayolingana na ya udahili, na athibitishe kuwapo kwake kwa alama za vidole katika mfumo wa malipo wa Bodi. Kati ya siku ya kufika na siku ya lile "bumu" la kwanza, kama wanavyoliita wanafunzi, zinaweza kupita wiki kadhaa. Mtoto aondoke nyumbani na fedha ya kula kwa mwezi mmoja angalau. Bumu likiingia, sehemu ya siku 60 ni shilingi 600,000, na kwa kijana ambaye hajawahi kushika fedha hiyo kwa mara moja inaonekana haina mwisho. Mzazi amsaidie kuigawa kabla haijaingia, kwanza chumba, kisha chakula cha wiki kwa wiki.

Rufaa

Aliyepangiwa kidogo, au aliyekosa ilhali ana sifa, ana haki ya kukata rufaa. Dirisha la rufaa hufunguliwa baada ya awamu za upangaji kukamilika, na hufanyika ndani ya mfumo ule ule. Rufaa yenye nguvu ni ile inayoleta kitu ambacho Bodi haikukiona mara ya kwanza: cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, barua ya mfadhili iliyosahaulika, uthibitisho wa ulemavu, taarifa ya mzazi aliyefariki baada ya maombi kufungwa. Maelezo marefu ya shida bila nyaraka mpya hayabadilishi hesabu, hata yakiwa ya kweli kabisa. Kila chuo kina afisa anayeshughulikia mikopo, na ninawashauri wanafunzi wa mwaka wa kwanza wamfahamu ndani ya wiki ya kwanza, wampelekee nyaraka na wamuulize kwa heshima. Maofisa hawa huhudumia watu wengi sana, na anayefika na faili lililopangwa humpa urahisi wa kumsaidia.

Aliyekosa kabisa asikate tamaa ya kusoma. Anaweza kuahirisha udahili kwa utaratibu wa chuo chake na kuomba tena mwaka unaofuata, ilimradi bado yumo ndani ya ile miaka mitano tangu kuhitimu na hajavuka umri.

Kuuendeleza na kuurejesha

Mkopo huendelea mwaka hadi mwaka kwa anayefaulu na kusonga mbele, kwa kuwa vyuo huwasilisha matokeo kwa Bodi. Ukiugua, ukihama chuo au ukiahirisha masomo, toa taarifa kwa maandishi chuoni ili Bodi ijue. Anayenyamaza hukuta malipo yamesimama na hajui aanzie wapi.

Marejesho huanza miezi 24 baada ya kuhitimu au kuacha masomo. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa mwezi, na mwajiri ndiye anayewajibika kuiwasilisha. Aliyejiajiri naye anadaiwa, na anapaswa kujitokeza mwenyewe badala ya kusubiri kutafutwa. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowafanya wahitimu wengi walipe miaka na deni lisishuke, iliondolewa kuanzia Julai 2021, na sasa kila kinachokatwa hupunguza deni lenyewe kwa namna inayoonekana.

Tangu siku ya kwanza, weka nakala ya fomu, mkataba uliosainiwa, risiti ya malipo na orodha ya fedha ulizopangiwa kila mwaka katika bahasha moja, na nakala nyingine iachwe kwa mdhamini nyumbani. Utakapotaka kulinganisha taarifa ya deni na kile ulichopokea kweli, na baadaye utakapoomba hati ya kumaliza kulipa, utaanza kwa kuifungua bahasha hiyo.